Upepo wa barabara ya Mingoyo umenichukulia masikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waendesha pikipiki wenzangu wa Lindi na Mtwara, na wale wanaotusimamia, juu ya masikio yetu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Lindi mjini, nina miaka 46. Tangu mwaka 2011 nanunua samaki pwani alfajiri, karibu na kivuko cha Kitunda, nafunga matenga mawili na barafu nyuma ya pikipiki, kisha naelekea Mingoyo, Mtama na Nyangao, siku nyingine hadi Ndanda. Samaki hasubiri. Barafu ikiyeyuka kabla hujafika Mtama umekula hasara, kwa hiyo mwendo wetu wachuuzi ni 70 au 80, na pale barabara inaponyooka ni zaidi ya hapo.

Kila tunapopewa elimu ya usalama barabarani tunaambiwa jambo moja kuhusu masikio: vua hedifoni, hutasikia honi. Ni kweli kabisa, na nitaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyokaribia kufa kwa ajili hiyo. Lakini maneno hayo yanaishia njiani. Mtu anavua hedifoni, anajiona amemaliza, kumbe kinachomla masikio bado kiko naye ndani ya helmeti. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa miaka 13, na nimekuja kuambiwa wakati nimeshachelewa.

Niliona dalili na sikuzijua. Ya kwanza ilikuwa mlio. Nikirudi nyumbani jioni na kuvua helmeti, nilisikia wiii ndani ya kichwa, na asubuhi haupo. Nikauchukulia kama uchovu. Miaka ikapita, mlio ukawa unachelewa kuondoka, halafu ukaacha kuondoka. Usiku mmoja nikamwambia mke wangu, "Nyenje hawa wa leo wamezidi." Akaketi kitandani akasikiliza, akasema, "Nyenje gani? Kiangazi hiki?" Mvua za mwaka uliofuata ziliponyesha na nyenje wakaja kweli, mke wangu na wanangu waliwasikia, mimi nikawa nasikia ule wiii wangu tu.

Dalili ya pili ilinitia aibu mbele za watu. Mama mmoja muuza chakula pale Mtama, mteja wangu wa miaka mingi, alishika fungu la vibua akasema bei anayoweza. Nikasikia "tisa". Nikamfungia. Akanipa elfu sita. Nikamwambia, dada, umesema tisa. Akasema hapana, nimesema sita. Nikapandisha sauti, watu wakajaa, na mzee mmoja muuza muhogo akanishika bega: "Bwana mdogo, kasema sita, sote tumesikia." Nilimwomba yule mama radhi pale pale. Njiani nilijiuliza ni mara ngapi nimewaona watu waongo kwa sababu ya masikio yangu.

Na nyumbani kuna mjukuu wangu wa miaka minne. Huyo hajui habari za ugonjwa, ila amejifunza mwenyewe: akitaka kuniambia neno hunishika kidevu kwa mikono miwili, akanigeuza uso, ndipo anasema. Baada ya kuona hivyo ndipo nikakubali kwenda kupimwa.

Nilipimwa Dar es Salaam. Mtaalamu, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, aliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, akanivisha hedifoni kubwa na kunipa kitufe. "Baba, ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza." Nikabonyeza mara kadhaa. Kisha kukawa kimya muda mrefu, nikadhani mashine imezimika. Haikuzimika. Alinionyesha mchoro: mstari unakwenda sawa, ukifika kwenye sauti ya mitetemo 4,000 kwa sekunde unatumbukia chini, halafu unapanda tena kidogo. Akauliza, "Baba unafanya kazi kwenye mashine?" Nikamwambia nauza samaki. "Na samaki unawafikishaje kwa wateja?" Nikamwambia kwa pikipiki. Akaweka kalamu mezani, akaniuliza ni kilometa ngapi kwa siku.

Alinieleza kwa utulivu nami naomba nieleze hivyo hivyo, maana wengi wetu hatujapata nafasi ya kuketi mbele ya mtu wa namna ile. Ndani kabisa ya kila sikio kuna chembe kama 15,000 hivi zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, vinywele vile vinacheza na kupeleka habari kwenye ubongo. Mimi nilivifananisha na mwani: wimbi likipita unainama na kuinuka, lakini bahari ikichafuka siku baada ya siku, mwani unang'oka. Tofauti ni kwamba mwani unapandwa tena. Chembe za sikio la binadamu zikifa hazioti, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana ngurumo ya lori naisikia, ngoma naisikia, sauti nzito ya mwanamume mwenzangu naisikia, lakini s, t, f, sh na ch zinanipita, na sauti za watoto pia. Chukua "sita" na "tisa" uondoe s na t. Yote mawili yanabaki i na a. Mama wa Mtama alisema vizuri, mimi nikapokea irabu tupu.

Sasa upepo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakiendi kama kilo za samaki. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni inakuwa mara mbili. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 mtu avumilie kwa saa 8 kwa siku. Zikiwa 88, saa 4. Zikiwa 91, saa 2. Zikiwa 94, saa moja. Zikifika 100, robo saa. Na ndani ya helmeti, kwa mwendo wa 60 upepo peke yake hufika karibu desibeli 90. Kwa mwendo wa 80 unakaribia 95, na kwa mwendo wa 100 unafika kama 100. Hapo injini sijaihesabu. Makelele hayo yanazaliwa pale upepo unapoigonga helmeti na kuzunguka ukingo wake wa chini, karibu kabisa na masikio. Helmeti inalinda fuvu, na mtu asiivue kwa sababu ya maneno yangu, lakini haikutengenezwa kuzuia sauti. Mwenye kuitundika kwenye kiwiko, kama wanavyofanya vijana wengi, upepo unampiga sikio moja kwa moja, na siku ya kuanguka kichwa chake hakina kitu.

Nikitoa muda wa kusimama kupimia wateja, mimi nabaki na saa tatu za upepo kwa siku. Tuseme ni desibeli 94. Hicho ni kipimo cha siku tatu ndani ya siku moja, siku sita za wiki, miaka 13. Hata kama nisingesikiliza redio hata dakika moja, masikio yangu yangeumia.

Na redio nilisikiliza sana. Asubuhi mawaidha, mchana taarifa ya habari, jioni mpira. Nilikuwa nachomeka hedifoni masikio yote mawili kisha navaa helmeti juu yake. Pale pwani sauti nilikuwa naiweka katikati. Nikipita Mingoyo mtangazaji amemezwa na upepo, naongeza. Nikikolea mwendo naongeza tena, hadi mwisho. Redio isikike juu ya desibeli 94 lazima yenyewe iwe kubwa kuliko hizo, na sikio linapokea zote mbili kwa pamoja. Mtu hajui kwamba amefungulia makubwa, kwa sababu kwake inasikika ya kawaida. Jaribu siku moja: ukifika, zima injini, vua helmeti, usiguse kitufe cha sauti, kisha chomeka tena hedifoni sikioni. Mimi niliichomoa upesi, kwa maumivu.

Kuhusu honi. Ilikuwa kati ya Mtama na Nyangao, saa kumi na moja jioni, narudi na matenga matupu, mechi imefika dakika za mwisho. Barabara ile siku hizi ina malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, marefu na mazito. Lori lilinipigia honi nyuma, tena si mara moja. Waliokuwa kando ya barabara ndio walioniambia. Mimi nilistuka pale kivuli kiliponifunika. Nikatoka nje ya lami kwenye kokoto, nikaanguka, matenga yakaenda kichakani, kiwiko kikachunika hadi nyama. Dereva alisimama akashuka anatetemeka kuliko mimi. Kosa lilikuwa langu lote. Tangu siku hiyo sijaweka hedifoni nikiwa barabarani.

Lakini, kama nilivyosema, kuvua hedifoni peke yake hakukuniponya. Aliyenipa njia ni shemeji yangu anayefanya kazi kiwandani Mtwara. Kule mtu haingii penye mashine bila vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji vyenye rangi ya chungwa au njano. Alinipa jozi nne. Nilisita sana, kwa hofu ile ile ninayoisikia kwa wenzangu kijiweni: nikiziba masikio sitasikia magari. Nilianza kwa kwenda Mingoyo na kurudi, taratibu. Nikakuta kinyume. Kile kishindo cha upepo kiliondoka, na ndani ya utulivu ule honi zikawa zinasikika wazi zaidi, hata mnyororo wa pikipiki yangu niliusikia unalalamika ukitaka oili. Wavuvi wataelewa: ukitafuta mashua mbali wakati jua linawaka juu ya maji, unaweka kiganja juu ya macho. Mwanga unapungua na mashua unaiona. Kizibo kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, na sikio ambalo halijalemewa linaweza kuzitenganisha.

Jambo jingine sikulitegemea. Nilifika nyumbani sikuchoka. Kile kichwa kuuma cha jioni nilichokizoea miaka yote hakikuja. Mpwa wangu, ambaye ni bodaboda hapa mjini na hupeleka abiria hadi Nachingwea, aliniambia, "Mjomba, mimi bila muziki nasinzia." Nikamjibu kinachomsinzisha ni makelele yenyewe, yanamchosha bila yeye kujua, naye anayaongezea mengine juu. Akisikia usingizi asimame, anawe uso, anywe maji, au alale nusu saa chini ya mkorosho. Muziki mkubwa haujawahi kuwa badala ya usingizi. Alibisha, kama vijana. Sasa anavaa vizibo akitoka nje ya mji, na mjini anavitoa, na hapo namkubalia: kwa mwendo wa 30 kati ya Mtanda na stendi upepo si tatizo kubwa, na abiria unahitaji kumsikia.

Kuvivaa kuna namna, na wengi wanaosema havifai ni kwa sababu vimekaa mlangoni mwa sikio tu. Osha mikono kwanza. Kwa sisi wa samaki hili ni la lazima, na sabuni iwepo, maana uchafu ukiingia sikioni ni ugonjwa mwingine. Sokota kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika hadi kivimbe na kujaa. Kikikaa sawasawa utasikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito. Ndipo uvae helmeti. Kikichafuka au kikawa kigumu, tupa. Pamba nilijaribu zamani; haizuii kitu cha maana. Mimi pia hufunga kioo cha helmeti na kuzungusha kitambaa shingoni kuziba mwanya wa chini, na nimepunguza mwendo. Kutoka 80 kurudi 60 unashuka kama desibeli 5, na kwa hesabu ile ya 3 mara mbili, hilo ni punguzo kubwa sana. Nachelewa Mtama kwa dakika chache. Nimeongeza barafu.

Kwa ambaye hawezi kabisa kukaa bila kusikiliza, shauri langu ni kusubiri hadi asimame. Mimi mpira nausikiliza Mtama, kwa redio ya mwenye duka, nikiwa nimekaa. Mwenye kung'ang'ania kusikiliza akiwa njiani, aweke sauti pakiwa kimya kabla ya kuondoka, isifike asilimia 60 ya uwezo wa simu, na asiiguse tena. Ikimezwa na upepo, hiyo ni habari kwamba anakwenda mbio mno. Kuweka sikio moja tu hakusaidii kama wengi wanavyoamini, kwa sababu lile lililo wazi linaendelea kupigwa na upepo, na mkono unaenda wenyewe kuongeza sauti ya lile jingine.

Vijana wanaotoa sailensa ili pikipiki ilie kama bunduki, nawaomba kwa heshima waache. Kelele ile inamwumiza mwenye pikipiki, abiria wake, na mtoto aliyebebwa mgongoni na abiria, ambaye hana pa kulalamika.

Ninayo maombi. Wenye maduka ya dawa Lindi, Mtama, Masasi na Mtwara, wekeni vizibo hivi. Nimezunguka mjini hapa kuvitafuta na nimerudi mikono mitupu. Ninavyovaa vinatoka Mtwara kwa mkono wa shemeji, na bei ya jozi moja haifiki ya soda. Viongozi wa vituo vya bodaboda, mnapowapokea vijana wapya waonyesheni kuvivaa siku hiyo hiyo mnayowaonyesha kufunga helmeti. Vyama vya msingi vya korosho nanyi nawaomba, kwa sababu kijana yule yule anayeendesha bodaboda, ukifika Juni anabeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, inamnguruma karibu na shingo kutwa nzima, jioni anapanda tena pikipiki. Masikio ni yale yale. Salfa inapogawiwa, jozi chache za vizibo zinaweza kwenda pamoja na mfuko. Na wizara inayohusika na afya, tuleteeni kipimo cha masikio karibu, hata mara moja kwa mwaka. Machi 3 ni Siku ya Usikivu Duniani. Siku hiyo gari moja lenye mashine na mtaalamu likisimama Mnazi Mmoja, pale njia za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, lingewapata madereva wa pande zote tatu. Mimi nilitumia nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam pamoja na siku tatu za biashara. Wangapi kati yetu wanaweza?

Nimebakiwa na jozi sita. Mwendesha pikipiki yeyote anayetaka kujaribu anikute pwani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, karibu na kivuko, mtu mwenye helmeti nyeupe na matenga mawili. Nitampa jozi moja na kumwonyesha kuivaa. Aniite kwa kunigusa bega, asinipigie kelele kwa nyuma.

Mchuuzi wa samaki,
Mtanda, Lindi